Bwawa la uani na shimo lililoachwa nusu

Wete ina mabonde mengi na mvua haikosekani, kwa hiyo wazo la kuchimba kibwawa cha samaki nyuma ya nyumba halimshangazi mtu. Baba anashika jembe na chepe baada ya sala ya alasiri, watoto wanabeba udongo kwa makarai, na wiki ya kwanza kazi inakuwa kama sherehe. Wiki ya pili mgongo unauma. Ya tatu msimu wa karafuu umeingia, au fedha za vifaranga vya samaki zimeshakwenda kwenye sare za shule, na shimo linabaki pale pale, kina cha kiunoni. Mvua za vuli zikianza, linajaa.

Shimo hilo ni la hatari kuliko bwawa lililokamilika. Halina samaki, halina ua, na kwa kuwa hakuna anayeliita bwawa, hakuna anayelichunga.

Ndiyo maana hesabu ianze kabla ya jembe. Shimo la mita 3 kwa 2, lenye kina cha sentimita 80, ni karibu mita 5 za ujazo. Huo ni udongo wa zaidi ya tani 7, na wote unatoka kwa mikono. Mwenye jioni chache tu na achimbe dogo litakaloisha. Kwanza aujaribu udongo: achimbe kishimo cha kufika kiunoni, akijaze maji asubuhi, jioni akijaze tena na kukifunika kwa majani. Kesho yake, maji yakiwa yamebaki mengi, udongo unafaa. Yakiwa yamenywewa, kazi yote ingekuwa bure. Kishimo cha majaribio nacho kifukiwe siku hiyo hiyo.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi hudhani mtoto anayezama atapiga kelele. Mara nyingi hapigi. Anatambaa, anaona kitu kinang'aa, anainama, kichwa kinamzidi uzito, na mama aliye jikoni hasikii chochote. Maji ya sentimita chache yanatosha.

Basi ua ujengwe mapema, uzunguke pande zote nne, urefu usipungue mita 1.2, na mlango uwe na komeo ambalo mkono wa mtoto haulifikii. Makuti ni rahisi kupatikana, lakini kwa kazi hii hayafai sana, maana yanamficha mtoto aliyeshapenya ndani. Wavu au fito zilizoachana kidogo, zisizompitisha mtoto, ni bora, mtu aone kilichomo akiwa jikoni. Upande mmoja wa bwawa uchongwe kama ngazi, aliyeanguka apate pa kukanyaga. Na kumwachia dada wa miaka 7 amwangalie mdogo wake si ulinzi. Naye ni mtoto.

Mbu nao wana habari yao. Zanzibar imefanya kazi kubwa kuipunguza malaria, na maji yaliyotuama uani yanaweza kuirudisha nyumbani. Katika joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Samaki ndiye mlinzi hapa. Katika utafiti uliofanyika Kisii, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007, mabwawa yaliyowekwa perege yalipungukiwa na viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15. Watafiti hao hao walikuta pia kwamba mabwawa yaliyotelekezwa yalizalisha mbu wengi kuliko yale yaliyokuwa na samaki. Makarai ya kubebea udongo nayo yafudikizwe kila jioni, kwani mbu wa homa ya dengi hupenda vyombo kama hivyo.

Kichocho hakihitaji maelezo marefu Pemba, kisiwa chenye Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000 na inayoufuatilia ugonjwa huu kwa karibu. Konokono wa maji baridi peke yake hana kosa. Anaambukizwa pale mwenye kichocho anapokojoa majini, kisha vijidudu vinavyomtoka konokono hupenya ngozi ya anayeogelea. Kwa hiyo bwawa la samaki lisiwe la kuogelea, na choo kikae mbali nalo. Mtoto anayekojoa damu apelekwe hospitali. Dawa ipo.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, asining'inizwe miguu juu wala kukandwa tumbo kutoa maji. Hayo ni mazoea ya zamani yanayopoteza dakika. Apewe pumzi za mdomo kwa mdomo kwanza, kisha akandamizwe kifua, pumzi na kifua kwa zamu bila kuacha, huku mwingine akikimbilia gari la kwenda hospitali. Hata akizinduka, apelekwe.

Na kazi ikikwama? Kama ni kwa siku chache, ua wa muda usimame siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama. Kama hakuna dalili ya kuendelea mpaka mvua zinakaribia, shimo lifukiwe. Udongo uliochimbwa usisombwe wala kupewa jirani mpaka samaki wameingia majini. Uachwe kando ya shimo, hatua chache tu, tayari kurudishwa.