Watoto wa Cartagena waulize pia: mawe ya ukuta yalibebwa na nani?

Cartagena ni mji wa bandari katika inchi ya Kolombia, Amerika ya Kusini, kando ya bahari ya Karibea. Wahispania waliuanzisha mwaka 1533 chini ya Pedro de Heredia, mahali palipokuwa na kijiji cha wenyeji kilichoitwa Kalamarí. Mtoto wa masomo wa pale akitumwa na mwalimu wake kutafuta historia ya mji, kazi inaonekana kuwa rahisi. Ukuta wa zamani ungali umesimama. Ngome ya San Felipe iko juu ya kilima. Tangu mwaka 1984 UNESCO imeutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto ananakili majina na tarehe kutoka kwenye vibao, anarudi darasani na kurasa tatu zilizojaa, anapata pointi zake.

Lakini katika kurasa hizo kuna mtu anayekosekana: yule aliyebeba mawe.

Mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka mji huo na hakuondoka mpaka alipolipwa. Kiisha mfalme wa Uhispania akamtuma injinia Mwitaliano, Bautista Antonelli, achore ukuta wa kuulinda. Kazi iliendelea, ikisimama na kuanza tena, hadi mwaka 1796. Ni zaidi ya miaka 200 ya kuchimba, kuchonga na kubeba. Sehemu kubwa ya jasho hilo ilitoka kwa watumwa Waafrika. Walishushwa kutoka meli na kuuzwa ndani ya mji. Moja ya mahali walipouzwa ni uwanja ulio nyuma ya mnara wa saa, unaoitwa leo Plaza de los Coches. Siku hizi chini ya matao ya uwanja huo wanauza peremende na vitumbua vya nazi kwa watalii, na sanamu ya Heredia imesimama palepale katikati.

Kwa msomaji wa Congo, hii si historia ya watu wa mbali tu. Mwisho wa karne ya 16 na nusu ya kwanza ya karne ya 17, meli nyingi zilizofika Cartagena zilikuwa zimepakia watu pande za Luanda na pwani ya Congo. Katika karatasi za zamani za mji ule, watu wanaandikwa kwa majina ya ubatizo yaliyofuatwa na neno Angola au Congo, kana kwamba hilo lilikuwa jina la baba.

Si wote waliokubali. Wengi walitoroka wakajenga vijiji vilivyozungushiwa miti, vilivyoitwa palenque. Anayejulikana kuliko wote ni Benkos Biohó, ambaye watawala wenyewe walilazimika kufanya naye mapatano, kisha wakamuua mwaka 1621. Kimoja cha vijiji hivyo kingali kipo: San Basilio de Palenque, karibu kilometa 50 kutoka Cartagena. Wazee wa pale wanasema Benkos ndiye aliyekianzisha. Wanahistoria wengine wanasema kijiji cha leo kilitokana na kundi lililokuja baadaye. Hapo ndipo kazi ya mtoto inapoanza kuwa utafiti wa kweli. Mzee amesema hivi, karatasi imesema vile. Je, karatasi iliandikwa na nani, na alikuwa anataka nini? Na mzee aliyasikia kwa nani?

Mwalimu anayetaka watoto wake wajifunze jambo hilo anaweza kuwapeleka njia tatu.

Ya kwanza ni karatasi. Ni kweli kwamba nyingi ziliandikwa na mabwana, na nyingi zimehifadhiwa mbali, Sevilla na Madrid. Hata hivyo sauti ya mtumwa hupenya mara nyingine. Padri Pedro Claver, aliyehudumia watumwa wa Cartagena hadi kufa kwake mwaka 1654, hakujua lugha zao zote. Alitegemea wakalimani Waafrika. Wakati Kanisa lilipochunguza maisha yake ili kumtangaza mtakatifu, wakalimani hao waliitwa kutoa ushuhuda, na mmoja wao alikuwa Andrés Sacabuche, mtu wa Angola. Maneno yao yaliandikwa. Mtoto akisoma hapo, anamsikia mtu aliyeingia mwenyewe katika nyumba walimofungiwa wagonjwa waliotoka melini.

Njia ya pili ni vinywa vya wazee. Ya tatu ni maneno yenyewe. Watu wa Palenque wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na lugha za Afrika, hasa Kikongo. Ng'ombe wanamwita ngombe. Mtoto ni moná, neno ambalo kila anayesema mwana atalitambua mara moja. Wakitaka kusema watoto, wanatanguliza ma: ma moná. Hakuna mfalme aliyeamuru maneno hayo yahifadhiwe. Bibi aliyasema kwa mjukuu, na mjukuu kwa wanawe. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua utamaduni wa kijiji hicho kuwa urithi wa binadamu. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya ukoo wa wanaume wa Palenque, wakaukuta uko karibu sana na Wayombe, watu wa Mayombe, upande wa Congo unaoelekea Atlantiki. Yale wazee waliyokuwa wakisimulia, maabara ilikuja kuyaunga mkono baadaye sana.

Kuna wazazi na walimu wanaosema: kwa nini kuwajaza watoto habari za minyororo? Italeta aibu, italeta chuki, na tena haiulizwi sana kwenye mtihani. Woga huo unaeleweka. Lakini Kolombia yenyewe imekwisha kujibu. Sheria namba 70 ya mwaka 1993 ilitambua haki za jamii za watu weusi, na amri ya mwaka 1998 iliagiza masomo ya historia na utamaduni wao yafundishwe katika shule, si kwa watoto weusi peke yao. Sheria iko. Inayobaki ni mwalimu kuliuliza swali darasani, na hilo hakuna waziri anayeweza kumfanyia. Kuhusu aibu, ingefaa imkalie aliyeuza watu, si mjukuu wa aliyeuzwa.

Watu wazima wa Cartagena wanajua kugombania kumbukumbu. Mwaka 2014 kiliwekwa kibao cha kuwakumbuka Waingereza waliokufa mwaka 1741, walipokuja na Admirali Vernon kuuteka mji wakashindwa. Raia walikasirika, mmoja akakipiga nyundo, na kibao kikaondolewa. Mtoto aliyefundishwa kuuliza angeenda mbele zaidi: na wale waliokufa wakijenga ukuta uliowazuia Waingereza hao, majina yao yameandikwa wapi?

Jambo hili linagusa pia watoto waliofika jana. Vita vya Kolombia viliwatoa mamilioni ya watu makwao, na wengi walikimbilia Cartagena. Miaka ya 1990 familia za wakimbizi wa ndani zilijenga mtaa wao pembezoni mwa mji, wakauita Nelson Mandela. Watoto wa mtaa huo nao ni watoto wa Cartagena. Historia ya mji ikikomea kwenye ukuta na uhuru wa mwaka 1811, wao watabaki wageni ndani yake. Mwalimu akiwaambia, "Muulize bibi yako alipita njia gani kufika hapa," basi nao wana ukurasa wao.

Mzazi aliye chini ya hema mashariki ya Congo hahitaji kuelezwa sana. Mtoto wake anajifunza darasani habari za Stanley na Léopold wa Pili, na inafaa azijue. Lakini jina la kijiji alichozaliwa halimo katika kitabu chochote, na wanaolijua vizuri wanazeeka kambini au katika nyumba za watu waliowapokea. Daftari moja linatosha kuanza: jina la kijiji, la mto, la kilima, soko lilikuwa siku gani, nani alichimba kisima, shamba lilipandwa nini. Kazi hiyo haina minerval.

Inataka tu busara. Mtoto aliyeona mauaji asilazimishwe kuyasimulia mbele ya wenzake. Daftari lisigeuzwe orodha ya kabila gani lilifanya nini, kwa sababu orodha za namna hiyo zimekwisha kuua watu. Swali la kwanza liwe: tuliishi vipi?

Neno ngombe lilivuka bahari ndani ya meli ya watumwa, na baada ya miaka 400 bado linasemwa Palenque. Wazazi walio kambini wasingoje kurudi nyumbani ndipo waanze kusimulia. Mtoto akimaliza masomo ya leo, ampelekee babu yake daftari na kalamu.