Rafiki hana mstari kwenye fishi

Watu wawili wamekaa kwenye meza moja, kila mmoja na barua zake mkononi. Wanasoma kwa zamu, hawatazamani. Hakuna ngoma, hakuna nguo za kuigiza. Mchezo huo unaitwa Love Letters. Uliandikwa na Mmarekani A. R. Gurney na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1988. Vikundi vya teatri vya Goma na Bukavu vingefaa kuujua.

Andy na Melissa wanaanza kuandikiana wakiwa watoto wa shule ya msingi, sababu ya mwaliko wa sikukuu ya kuzaliwa. Wanaendelea karibu miaka 50. Andy anakuwa mwanasheria, kisha seneta. Melissa, mtoto wa familia tajiri, anakuwa mchoraji. Ndoa yake inavunjika, pombe inamshika, watoto wanaishi mbali naye. Kuna mapenzi pia, lakini kinachobeba mchezo mzima ni urafiki.

Kuna wakati Melissa hajibu. Andy anaandika, kimya. Anaandika tena, kimya. Na mwigizaji anayenyamaza hatoki, anabaki kitini mbele ya watu wote. Mtu aliyekimbia Masisi au Rutshuru hatahitaji kuelezwa hapo. Anajua kupiga namba isiyopatikana, leo, kesho, wiki ijayo, bila kujua kama mwenzake amekufa, amenyang'anywa simu, ama amekosa tu umeme.

Michezo mingi inayoletwa kwa wahamishwa ni ya kuhamasisha: kipindupindu, kunawa mikono. Ni ya lazima, kipindupindu kinaua. Lakini mtu aliyekimbia vita si tumbo na mikono tu.

Fishi za misaada zinauliza mkubwa wa familia ni nani na watoto ni wangapi. Msalaba Mwekundu unapeleka barua za familia zilizotenganishwa na vita, karatasi iliyo wazi yenye habari za nyumbani, na kwa njia hiyo wazazi wengi wamepata habari za watoto wao. Hakuna wa kulaumu kazi hiyo. Ila rafiki hana mstari popote. Kambi za Bulengo, Lac Vert na Kanyaruchinya zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, wamama waliokuwa wakichota maji pamoja na kuangaliana watoto mmoja akienda kuni walitawanyika, huyu njia ya Sake, yule njia ya Kibumba. Nani aliandika jina la jirani wa hema?

Wengine watasema barua ni mambo ya wazee, siku hizi kuna WhatsApp. Hata Melissa alipenda simu kuliko kuandika. Andy alimkatalia: simu ikikatwa imekwisha, barua inabaki. Huku Kivu ana haki kuliko alivyojua Gurney, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa barabarani, na sauti zote zinaenda nayo. Asiyejua kusoma naye hajaachwa nje. Tangu zamani mama anasema, mtoto wa shule anaandika.

Gurney mwenyewe alieleza kwamba mchezo wake hauhitaji ukumbi, mazoezi marefu wala kushika maneno kichwani. Kwa hiyo hakuna wa kusema anangoja mfadhili. Meza inaazimwa kwa pasta, viti kwa mwenye duka.

Wala si lazima kuutafsiri ule wa Marekani. Una mwenyewe, na seneta atafanya nini Minova? Vikundi viandike wa hapa: wanawake wawili waliokaa hema jirani, mmoja amerudi kijijini, mwingine amepanga chumba mjini, karatasi zinapita kwa mwenye pikipiki. Barua ya kwanza haihitaji sikukuu ya kuzaliwa. Inaweza kuanza na sabuni aliyoazimwa siku ya kuondoka na ambayo hajairudisha.