Kufunga Mdomo Hakujaokoa Kazi ya Mtu

Tetesi za kupunguza wafanyakazi zikishaingia ofisini, wahubiri wa ukimya hawachelewi. "Piga kazi, achana na maneno. Panga linawapitia wavivu na wanung'unikaji." Meneja anasema hivyo, mjomba nyumbani anasema hivyo, na siku hizi analetwa hata mhamasishaji wa kulipwa atufundishe fikra chanya, wiki chache kabla barua hazijaanza kugawiwa. (Fedha ya kumlipa huyo huwa haikosekani.)

Imani hii ni ya uongo, na sheria yenyewe inaikana. Hapa Tanzania anayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu au kwa kushindwa kazi ana utaratibu wake. Anayepunguzwa ana mwingine kabisa. Kupunguzwa hutokana na mahitaji ya uendeshaji: mapato yameshuka, mashine mpya zimeingia, idara mbili zimeunganishwa. Kosa lako halimo humo. Sasa kama si kosa lako lililoleta panga, bidii yako italizuiaje? Tawi likifungwa, keshia hodari anatoka mlango uleule na keshia mzembe. Ni kweli kwamba katika kuchagua nani abaki, ujuzi maalumu hutazamwa, pamoja na muda wa utumishi na nafasi ambazo kazi haiendi bila hizo. Ila ukimya si kigezo.

Na hayo maneno yanayoitwa majungu, yanatoka wapi? Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mara tu linapofikiriwa, aweke wazi maelezo yote yanayohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pasipo na chama. Washauriane nini? Sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza wachache, namna ya kuchagua majina, lini, na malipo. Mwajiri anayefanya hayo kwa dhati anawaachia watu machache sana ya kunong'ona kantini. Anayeandaa orodha kwa siri ndiye mzalishaji wa minong'ono, kisha anageuka kuwalaumu walaji wa alichopika.

Sitetei fitina. Anayepeleka jina la mwenzake kwa bosi ili lake lipone ni mtu mbaya. Lakini mtazameni vizuri: mara nyingi huyo ndiye anayesifiwa kwa "mtazamo mzuri".

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo ukimya unapouma. Kiinua mgongo cha kisheria kwetu ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mama aliyetumikia miaka 22 anahesabiwa 10 tu: siku 70, basi. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, hawapungukiwi siku 15 kwa kila mwaka. Lakini siku 70 ni kima cha chini, na hakuna kinachomzuia mwajiri kukubali malipo zaidi kwenye mashauriano. Nani atayadai, kama wote tumeamua kuwa watu wa fikra chanya?

Kwa hiyo ulizeni, tena kwa maandishi, tena kwa pamoja: sababu ni nini, vigezo ni vipi, njia gani nyingine zimejaribiwa? Mkataba na hati zako za mshahara zitoe nakala sasa, uziweke nyumbani. Na barua ikikufikia bila mashauriano yoyote, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapokelewa ndani ya siku 30. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze ulikuwa wapi.