Wodi ya Wazazi na Ukuta Uliolowa

Juni na Julai baridi ya milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, haina masihara. Mtoto aliyezaliwa usiku huo, hata akivishwa kofia na kulazwa kifuani mwa mama yake, hupoteza joto kuelekea kitu chochote cha baridi kilicho karibu naye, hata asipokigusa. Mara nyingi kitu hicho ni ukuta. Lakini sisi watu wa afya tunapoletewa ramani ya wodi ya wazazi, huuliza idadi ya vitanda. Habari za ukuta tunamwachia fundi. Naona tunakosea.

Zege jepesi linasifiwa kwamba huzuia joto lisipite, na sifa hiyo ni ya haki. Limejaa vinyweleo vyenye hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Ila vinyweleo hivyo hivyo hunywa maji, na maji hupitisha joto takriban mara 24 kuliko hewa hiyo. Kila tone linaloingia huifukuza hewa na kulifungulia joto njia ya kutoka chumbani. Tena, maji hayo yakikauka huondoka na joto jingine, kama jasho linavyopoza mwili. Kwa hiyo tofali lililopimwa likiwa kavu si lile lile baada ya mvua za Desemba hadi Aprili.

Ukiteremka Mbamba Bay au Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, adui ni joto la mchana, nalo hupenya ukuta uliolowa kwa wepesi ule ule. Wapo watakaonijibu kwamba ukuta mbichi hupoza kama mtungi. Kidogo ni kweli; lakini mtungi hauoteshi kuvu kando ya kitanda cha mgonjwa wa pumu.

Shirika la Afya Duniani hutaka chumba cha kujifungulia kisipungue nyuzi 25 za Selsiasi. Basi kabla ya kusaini makabidhiano ya jengo, mganga mfawidhi aulize: matofali yaliachwa yakauke kabla ya kupigwa lipu? Juu ya msingi kuna utando wa kuzuia unyevu usipande? Upenu umetoka vya kutosha kuukinga ukuta na mvua ya upepo? Kisha atundike kipimajoto ukutani, akisome alfajiri.