Ubaguzi Usioandikwa

Watu wengi wa Masasi na Newala wakisikia neno ubaguzi, fikira zao huruka mara moja hadi Afrika Kusini. Si ajabu. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Masasi tangu 1960 hata 1968, alikwisha kupambana nao huko Johannesburg kabla ya kuja kwetu. Huko aliipinga Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953, iliyotaka mtoto Mwafrika asome kiasi cha kumfaa bwana wake tu. Nasi Tanganyika tulikuwa na wetu: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilitengwa hata mwanzo wa 1962, na mishahara ilifuata rangi.

Ubaguzi ule ulikuwa na nafuu moja, kama neno nafuu lafaa kutumika hapa. Uliandikwa. Aliyetaka kuupinga aliweza kuushika mkononi na kuusoma.

Wa leo hauandikwi. Hakuna mwajiri atakayebandika kibao kwamba Mmawia haajiriwi. Jina hilo walipewa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakadharauliwa kwa chale zao za usoni. Mjukuu wa mmoja wao ni raia wa nchi hii wala hana chale. Lakini akiambiwa penye ghala la korosho kwamba kazi ya kuandika hesabu si ya Wamawia, abebe magunia, huo ni ubaguzi. Msemaji atajitetea kwamba ulikuwa utani. Sisi twaujua utani, na twaupenda. Lakini mtani hakunyimi kazi.

Hata hivyo si kila ukali ni ubaguzi. Msimamizi anayewafokea wote ni msimamizi mbaya, basi. Kipimo ni kumlinganisha mtu na mwenziwe: kazi ni ile ile, ujuzi ni ule ule, mbona huyu kapata na yule kakosa? Kama jibu ni kabila lake, dini yake, mimba yake, ulemavu wake, ugonjwa wa UKIMWI au mahali alikotoka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imelikataza jambo hilo. Nayo humlinda hata yule anayeomba kazi tu. Tena, mlalamikaji akionyesha dalili za kutosha, mzigo humwangukia mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Lakini dalili hizo zitatoka wapi, ikiwa mkosaji haandiki? Yampasa aliyekosewa aandike yeye. Siku ile ile, katika daftari la shule la mtoto wake kama hana jingine: tarehe, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na majina ya waliosikia. Kisha asikae. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Malalamiko mengine katika siku 60. Anayengoja msimu wa korosho uishe ili asiudhi watu, siku zake zitakuwa zimekwisha, na itambidi aombe kwanza ruhusa ya kusikilizwa nje ya muda.

Huko shuleni mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mwenye kukosewa ni mtoto, na mzazi huona haya kubishana na mwalimu. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba binti aliyejifungua aweza kurudi darasani. Basi mzazi wa Newala akiambiwa leo kwamba mwanawe hana nafasi tena, aombe jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi nafasi huonekana pale pale. Vivyo hivyo kwa mzazi wa mtoto kiziwi au mwenye ualbino, ambaye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya kusoma pamoja na wenzake. Jibu likiwa baya, liko kwenye karatasi. Alichukue kwa Afisa Elimu wa Wilaya, na likishindikana huko, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Viongozi wa matawi ya wafanyakazi nao twawauliza swali moja. Sheria ile ya 2004 yamtaka kila mwajiri abandike mahali pa wazi taarifa ya haki za wafanyakazi wake. Hapo mnapofanya kazi ninyi, karatasi hiyo iko ukuta gani?