Nimehama, na sirudi

Wadau, nimepotea kidogo. Leo nina hasira.

Jana usiku nimeachana na kampuni iliyokuwa inapokea barua pepe zangu na kuzisukuma Gmail, nimehamia nyingine. Rumeti kanicheka: "Ya bure ile, ulikuwa unalalamika nini?"

Bure? Mwezi uliopita nimekosa usaili wa fildi. Barua ya mwaliko ilitumwa, kwangu haikufika, na aliyeituma hakuambiwa kitu. Nilipowauliza, wakanijibu eti nikaangalie kwenye spamu. Nimeangalia, hamna!

Jamani, hii si bahati mbaya. Kwa utaratibu wa SPF, seva inayopokea hukagua kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na domeini ya mtumaji. Msukumaji wa katikati hayumo kwenye orodha, hivyo barua halali inaonekana ya tapeli. Dawa ipo, inaitwa SRS: msukumaji anaandika upya anwani ya mtumaji pale kwenye "bahasha". Gmail nao walikaza masharti Februari 2024. Asiyejisumbua na hayo anacheza na maisha ya watu.

Mimi kuhama kulikuwa rahisi, domeini ni yangu. Nilibadilisha rekodi za MX tu, anwani ikabaki ileile. Wewe uliyejaza anwani ya chuo kwenye CV, wakiifunga ukishahitimu utahamia wapi?

Bumu likitoka, kabla ya viatu, nunua domeini. Haya, nawahi lekcha.