Ulimi Uonjao na Ulimi Unenao

Ulimi una kazi mbili, kuonja na kunena. Hoja yangu ni kwamba ulimi wa Waswahili wa zama hizi ungali unaonja vyema, ila katika kukinena ulichokionja umekuwa mvivu. Chakula kizuri ni "kitamu", kinywaji chenye nguvu ni "kikali", na maelezo yamekwisha. Mfano nitakaoutumia huenda ukawashangaza baadhi yenu, kwani ni bia ya Uingereza. Asiyegusa kileo asikimbie. Ninachomkaribishia ni msamiati.

Bia yenyewe ni Thomas Hardy's Ale, nayo ina nasaba ya kifasihi. Hardy, mshairi na mwandishi wa riwaya, aliisifia bia kali ya mji wa Dorchester katika riwaya yake The Trumpet-Major ya mwaka 1880. Mwaka 1968, miaka 40 baada ya kifo chake, kiwanda cha Eldridge Pope cha mji huohuo kikapika bia ya kulingana na sifa zile. Maneno yalitangulia, kinywaji kikafuata. Eldridge Pope walipoiacha, kiwanda kidogo cha Devon kiitwacho O'Hanlon's kiliifufua mwaka 2003 na kuipika kwa miaka michache. Kileo chake hukaribia asilimia 12, na chupa huandikwa mwaka wake, kwa sababu bia hiyo hutiwa chupani ingali hai. Chachu imo ndani. Hula sukari iliyosalia, hutoa hewa ya ukaa iletayo povu, kisha hutua chini ikawa mashapo. Inaweza kutunzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 20, huku ikibadilika ladha.

Kitendo hicho tukiiteje? Wapo watakaokimbilia kukopa. Mimi nasema neno tunalo: kuvundika. Anayezifunika ndizi chunguni au shimoni hazipiki wala haziozeshi. Huzipa giza, joto na muda, nazo zikajiivia. Chupa hufanya vivyo hivyo. Najua atatokea wa kunipinga kwamba kuvunda ni jirani wa kuoza. Ni kweli, na ndiyo sababu nalipenda neno hili. Baina ya kuiva na kuharibika pana ukuta mwembamba, na bia ya miaka mingi huishi juu ya ukuta huo.

Nimeionja chupa ya mwaka 2006, ikamiminwa polepole ili mashapo yasitibuke. Rangi yake ni hudhurungi iliyokolea, povu lake ni haba. Puani hutangulia zabibu kavu na tende, kisha sukari guru iliyoungua kidogo. Mdomoni utamu hufika kwanza, mzito. Uchungu wa hopsi huja kuuzuia. Nyuma yake pana ugwadu wa mbali, kama wa ukwaju, na ukakasi mwepesi ukumbushao bibo lisiloiva. Ukali wa kileo huja mwisho, tena kifuani kuliko ulimini.

Tazameni: ugwadu, ukakasi, uchungu, ukali, kukolea, mashapo, chachu. Vyote vimo kamusini mwetu. Mgeni ni hopsi peke yake, na hata kazi yake si ngeni, kwani Wachaga wa Kilimanjaro hutia gome la msesewe katika mbege ili kuupata uchungu huohuo. Kimea nacho, cha ulezi uliooteshwa na kukaushwa, wapishi wetu wa pombe wanakijua tangu zamani.

Yanawahusu nini washairi? Chukueni neno moja, ukakasi. Siku hizi tunalisikia zaidi bungeni na magazetini: kauli yenye ukakasi, suala lenye ukakasi. Limekwenda kwenye siasa na kuuacha mdomo. Sitiari ni mali, lakini sitiari ambayo mtumiaji wake hajawahi kubanwa ulimi na bibo wala ndizi mbichi ni ganda tupu. Tukilipoteza neno la ulimi, tutabaki na la jukwaani, nalo litakufa kwa kukosa mzizi.

Uvivu huo umeingia hata katika uhakiki wetu. Tunasoma shairi, tunaandika "tamu sana, malenga", tunapita. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami naona sifa inayomharibu zaidi ni ile isiyochambua, kwa kuwa haimwelezi ni ladha gani tutaikosa akizidisha maji. Mwambieni malenga kwamba ubeti wake wa tatu una ugwadu, kwamba kituo hakijakolea, kwamba utungo mzima ulihitaji kuvundikwa mwezi mmoja zaidi. Atanuna, kisha atarekebisha.

Nawaomba wasomaji wa Lamu, Pemba, Tanga na kwingineko: kila mmoja atuletee neno moja la ladha litumikalo jikoni kwao ambalo hajaliona likichapishwa. Tuyaweke hapa kabla wenye kuyasema hawajatutoka.